Nilijua Seli Zinavyopeana Habari, Nikamficha Mchumba Wangu

Msomaji wangu, naomba nianze na aibu yangu mwenyewe, tusije tukadanganyana mbele ya safari. Mimi ni mtafiti wa maabara. Kwa miaka mingi nimekuwa nikichunguza jinsi seli za mwili zinavyopeana habari: nani anatuma, nani anapokea, na mwili unapata hasara gani habari ikipotea njiani. Nimesimama mbele ya maprofesa nikaeleza mambo hayo kwa michoro na takwimu, wakanipigia makofi. Lakini kwa mwaka mmoja na miezi minane nilikuwa na habari moja kuhusu damu yangu ambayo mchumba wangu alikuwa na haki ya kuijua. Nikaikalia kimya.

Habari yenyewe ni fupi. Nimebeba kinasaba cha selimundu, ugonjwa ambao mtaani tunauita siko seli. Mimi siumwi. Nimerithi kinasaba kimoja chenye hitilafu kutoka kwa mzazi mmoja na kimoja kizima kutoka kwa mwingine, kwa hiyo naishi kama watu wengine. Tatizo linakuja pale mbebaji anapozaa na mbebaji mwenzake. Hapa Tanzania inakadiriwa kuwa watu 13 hadi 20 katika kila 100 ni wabebaji kama mimi. Yaani ukipanda daladala ya Kariakoo iliyojaa, hukosi watatu au wanne, na wengi wao hawajui.

Sasa mimi nilijua. Kwa nini basi ninyamaze? Jibu liko Kariakoo.

Ndimu za mama

Nimezaliwa na kukulia Kariakoo, katika nyumba ya vyumba sita yenye ua nyuma, mtaa ambao leo umejaa maghorofa na mabango ya simu. Baba alikuwa fundi cherehani, anashona barazani. Mama alikuwa na meza sokoni, anauza ndimu, pilipili na tangawizi. Tulikuwa watoto wanne. Wa pili alikuwa kaka yangu, mwembamba, macho yana umanjano, lakini kwa maneno alitushinda wote. Baridi ya Julai ikiingia, au mvua ya masika ikimnyeshea akitoka shule, usiku huo hatulali. Mifupa inamuuma, analia mpaka sauti inakauka. Mama anachemsha maji, anamkanda kwa kitambaa mpaka alfajiri, halafu anakwenda sokoni na macho mekundu.

Alilazwa mara nyingi, akaongezewa damu mara nyingi. Mganga naye aliletwa, mbuzi akachinjwa. Mwaka 1989 kaka yangu alifariki akiwa na miaka kumi na mmoja.

Msiba ulikuwa haujaanua matanga vizuri nikasikia shangazi zangu wakizungumza uani. "Damu ya huyu mwanamke ni mbaya. Itammaliza kaka yetu watoto wote." Maneno yale yalizunguka ukoo mzima. Baada ya mwaka baba akaongeza mke, akahamia kwake Magomeni. Yule mama mdogo alizaa watoto watatu, wote wazima, wanene, wanakimbia kutwa. Basi ikawa ushahidi umepatikana! Nani tena angesema kosa halikuwa la mama? Mama hakujibu neno. Aliendelea kupanga ndimu zake mafungu mafungu.

Mimi nilikuwa na miaka tisa. Nilichojifunza siku zile ni kwamba mwanamke akijulikana ana kitu kwenye damu, mume anaondoka.

Mtu aliyeuliza swali la kwetu

Nilipofika chuo kikuu, nikiwa mwaka wa pili, ndipo nikakutana na jina la Anthony Allison. Mzungu aliyekulia Kenya. Mwaka 1949, akiwa bado mwanafunzi Oxford, alikuja kupima damu za watu wa Kenya akaona jambo la ajabu: pwani na kandokando ya Ziwa Victoria wabebaji wa selimundu walikuwa wengi, lakini nyanda za juu walikuwa wachache mno. Kwa nini? Alimaliza udaktari, akarudi Afrika Mashariki, na mwaka 1954 akachapisha jibu. Penye malaria nyingi, ndipo penye wabebaji wengi, kwa sababu kubeba kinasaba kimoja kunamkinga mtoto asiuawe na malaria kali.

Nilisoma ukurasa ule mara tatu. Kumbe kitu kilichomuua kaka yangu, kikiwa kimoja badala ya viwili, kimewaokoa mababu zetu wengi! Na kumbe ili mtoto augue ni lazima apate kinasaba hicho kutoka pande zote mbili. Baba na mama. Hakuna njia nyingine. Wale watoto wa mama mdogo hawakuwa ushahidi wa chochote, ila kwamba yaelekea mama yao hakuwa mbebaji.

Usiku ule niliamua nitafanya kazi gani maishani. Mimi nami nikapima, nikajua ni mbebaji. Lile karatasi nikaliweka ndani ya kitabu.

Kazi yenyewe

Watu huniuliza, "Hivi nyie mnafanya nini humo ndani na makoti meupe?" Ngoja nieleze, maana bila hili hutaelewa yaliyonikuta nyumbani.

Chembe nyekundu ya damu imejaa protini inayobeba hewa, inaitwa himoglobini. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake wa Marekani walionyesha kwamba himoglobini ya mgonjwa wa selimundu ina tofauti na ya mtu mzima kiafya. Mwaka 1956 Vernon Ingram, Uingereza, akaonyesha tofauti hiyo ni ya kiungo kimoja tu katika mnyororo wa protini. Kosa dogo hivyo! Lakini hewa ikipungua, himoglobini hiyo inashikana, chembe inapinda kama mundu, inakwama kwenye mishipa midogo. Hapo ndipo maumivu yanapoanza.

Sehemu yangu mimi ni ukuta wa mshipa. Mshipa wa damu si bomba la plastiki, unaongea. Seli za ukuta wa ndani hutoa hewa iitwayo naitriki oksaidi, nayo hupenya mpaka kwenye misuli inayozunguka mshipa na kuiambia: legea, damu ipite. Misuli ikisikia, inatengeneza kemikali ya pili inayofikisha amri ndani. Watafiti watatu wa Marekani, Furchgott, Ignarro na Murad, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1998 kwa kugundua mawasiliano haya. Na usicheke, lakini kile kidonge ambacho akina kaka hukinunua kwa kunong'ona dukani, Viagra, kilichoidhinishwa Marekani mwaka huohuo, kinafanya kazi kwenye njia hiihii. Kinachofanya ni kuzuia ile kemikali ya pili isifutwe haraka.

Kwa mgonjwa wa selimundu, chembe nyekundu zinapasuka kabla ya wakati na himoglobini inamwagika kwenye damu. Hiyo iliyomwagika inainyakua naitriki oksaidi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2002 ulilionyesha hilo vizuri. Kwa hiyo ukuta umetuma ujumbe, misuli iko tayari kupokea, lakini ujumbe umeibwa njiani. Mshipa unabaki umekaza.

Nilikwenda kusoma shahada ya pili nje, na mwaka 2005 nikarudi. Marafiki walinishangaa. "Umerudi kufanya nini? Huko una mashine, una mshahara." Ni kweli. Huku nilikuta umeme unakatika, na sampuli za miezi mitatu ziko kwenye friji tunakimbizana na jenereta. Kemikali uliyoagiza inakaa uwanja wa ndege mpaka inaharibika. Unaandika maombi ya fedha kumi, tisa yanakataliwa. Binamu zangu wenye maduka walikuwa wameshajenga Mbagala na Tabata, mimi bado nahesabu nauli.

Lakini nilikuwa na mfano wa kuangalia. Dk. Julie Makani alisoma udaktari Muhimbili, akaenda London na Oxford, akarudi Muhimbili. Kuanzia mwaka 2004 yeye na wenzake walianza kuwaandikisha wagonjwa wa selimundu na kuwafuatilia mmoja mmoja, kazi ya kuhesabu, isiyo na mbwembwe. Hadi mwaka 2009 walikuwa wamefuatilia wagonjwa 1,725, kati yao 86 walifariki, na waliokuwa hatarini zaidi ni watoto chini ya miaka mitano. Kabla ya hapo tulikuwa tunasema tu "hufa wadogo". Sasa tulikuwa na namba, na ukiwa na namba unaweza kudai dawa. Mwaka 2011 alipewa tuzo ya Royal Society ya Uingereza iliyofadhiliwa na Pfizer. Kwangu mimi niliyekuwa nakimbizana na jenereta, habari ile ilikuwa kama nimepewa mimi.

Kijana wa Mtaa wa Aggrey

Mwaka 2006 simu yangu ilizima kabisa. Nikaenda Mtaa wa Aggrey, nikaelekezwa kwa kijana mmoja wa Kigoma mwenye duka la spea, upana wake hata kitanda hakiingii. Akaifungua, akanionyesha ndani. "Dada, simu yako ni nzima. Inatuma vizuri. Ila hapa pa kupokelea pameingia maji." Nikacheka peke yangu. Akauliza kulikoni. Nikamwambia hiyo ndiyo kazi yangu, ila mimi natengeneza za watu.

Kuanzia hapo ikawa kahawa na kashata jioni, ikawa mihogo ya Coco Beach siku za Jumapili, ikawa penzi. Alikuwa mtu wa kuuliza. Alitaka kujua kila kitu cha maabara. Nikamweleza chembe zinavyopinda, ujumbe unavyoibwa, kila kitu. Nikamweleza hata kifo cha kaka yangu. Lakini kila nilipofika mahali pa kusema "na mimi ni mbebaji", ulimi ulikuwa mzito. Nawaona shangazi zangu uani. Namwona baba anafunga cherehani kwenye mkokoteni kwenda Magomeni.

Nilijidanganya kwa sababu nzuri nzuri. Kwanza, mapenzi bado machanga. Halafu, ngoja alete barua. Barua ikaja, posa ikakubaliwa. Nikasema ngoja mahari. Mahari ikatolewa! Mapema mwaka 2008 kamati ya harusi ilikuwa imeshakaa vikao viwili, kadi za michango zimechapwa, wifi zangu wanapanga kicheni pati, na mimi bado nangoja.

Kilichonivunja ni mama mmoja niliyemkuta kliniki nilipokwenda kuchukua sampuli. Amempakata mtoto wa miaka miwili, anamkanda mguu. Aliniambia, bila hata mimi kumuuliza: "Mume wangu alikuwa anajua tangu akiwa shule kwamba anayo. Akaniacha nizae bila kujua. Ugonjwa ningeuvumilia, dada. Lakini kwamba alijua!"

Sikuchukua sampuli siku ile. Nilitembea kwa miguu kutoka Upanga, nikapita Fire, nikaingia Aggrey.

Siku tisa

Nilimwomba twende Mnazi Mmoja. Tukakaa kwenye benchi, nikamwambia yote. Kinasaba, lile karatasi, miaka yote niliyojua. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza swali moja tu: "Mwaka mzima na zaidi, kila siku unaniuliza nimekula nini, hili ukashindwa?"

Akaondoka. Siku tisa hakupiga simu. Nilituma ujumbe mara nne, simu yangu ikanionyesha umefika, lakini jibu hakuna. Mtu wa simu akiamua kutojibu, jamani, unajua kabisa si tatizo la mtandao. Mama aliniona sili, akaniuliza. Nikamwambia nimemwambia mwenzangu habari za damu. Akanitazama kwa muda mrefu, akasema, "Afadhali aondoke sasa kuliko kesho."

Siku ya kumi nilimkuta amesimama nje ya geti la maabara, mkononi ana bahasha. Alikuwa amekwenda kupima. Naye ni mbebaji.

"Sikukasirika kwa sababu ya damu," aliniambia. "Damu hata mimi sikuichagua. Nilikasirika kwa sababu ulinifanya kama mtu wa kuja kutengenezewa simu, unanipa ukiona inafaa."

Sikuwa na utetezi. Niliomba msamaha pale pale getini, mlinzi akijifanya hasikii.

Laini nne

Tulikwenda kwa mshauri, tukaa naye karibu saa mbili. Usiku ule mchumba wangu alichukua laini nne za simu, akaziweka kwenye mfuko wa nailoni. Moja ina alama nyekundu, mbili zina alama ya bluu, moja haina kitu. Akasema, "Kwa hiyo tukizaa watoto wanne, mmoja ataumwa, wawili watabeba kama sisi, mmoja hana kitu. Basi tuzae mmoja, tunyamaze."

Nikamwambia hapana, hapo ndipo wengi wanapokosea. Kila mimba unachota laini moja, halafu unairudisha mfukoni. Mimba inayofuata unachota tena kutoka zilezile nne. Unaweza kuzaa watoto watano usichote nyekundu hata mara moja. Unaweza kuichota mara ya kwanza. Mtoto aliyezaliwa mzima hamlindi mdogo wake, na aliyezaliwa mgonjwa hachukui bahati mbaya ya wote.

Alichota, akarudisha, akachota, akarudisha, mpaka saa sita usiku. Halafu akaufunga ule mfuko. "Nimeelewa. Na bado nataka."

Sitakwambia wewe ufanye kama sisi. Nawajua wapenzi waliopima, wakalia, wakaachana kwa heshima, na leo kila mmoja ana familia yake yenye furaha. Nao walipenda kweli. Wapo walioamua wasizae, walee watoto wa ndugu. Uamuzi wowote ni halali mradi wote wawili wanaamua wakijua.

Mama mkwe wangu alipoambiwa aliuliza, "Na mwanangu naye anayo?" Tukasema ndiyo. "Basi hakuna wa kumnyooshea mwenzake kidole," akasema, akarudi kwenye kikao cha vyombo.

Kilichobaki kilikuwa cha kwangu. Nilimwita baba kutoka Magomeni, nikamketisha na mama uani palepale. Nilikuwa nimekwisha kueleza selimundu mbele ya watu wa mataifa mengi, lakini siku ile mikono ilinitetemeka. Nikawachorea kwenye karatasi. Nikasema, "Baba, marehemu kaka aliumwa kwa sababu alipata kutoka kwa mama, na alipata kutoka kwako. Bila wewe asingeumwa. Bila mama asingeumwa. Hakuna damu mbaya ya mtu mmoja."

Baba aliuliza mara mbili kama nina hakika. Mama alisema neno moja tu: "Kumbe." Miaka kumi na tisa alibeba lawama, na jibu lake likawa kumbe. Wiki iliyofuata baba alikwenda sokoni, akasimama kwenye meza ya mama kama mteja, akanunua fungu moja la ndimu kwa noti ya elfu kumi. Hakudai chenji. Sikuwahi kusikia kama alisema kitu zaidi ya hapo.

Mtoto wetu wa pili

Tulioana mwaka 2009. Mwaka huohuo kazini kwangu tulipata kofi. Jaribio la Marekani na Uingereza la kuwapa wagonjwa wa selimundu dawa ileile iliyomo kwenye Viagra, kwa matumaini ya kuurudisha ujumbe wa naitriki oksaidi, lilisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu waliopewa dawa walilazwa zaidi kwa maumivu. Kwenye karatasi hesabu ilikuwa imekaa sawa kabisa. Mwili ukakataa. Ndiyo maana siku zote nawaambia watu: msijitibu kwa dawa za kusikia mtaani.

Hapa Muhimbili nako wenzetu walijaribu njia ya chakula. Watoto 119 wenye selimundu walipewa chakula maalumu cha lishe, na kwa kipindi kimoja kikiongezwa arginini na sitrulini, malighafi ambazo mwili unazitumia kutengeneza naitriki oksaidi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Lishe yenyewe ilionekana kuwasaidia, uzito na hata mishipa, lakini zile nyongeza hazikuonyesha ubora zaidi ya chakula kisicho nazo. Utafiti ndivyo ulivyo. Unatafuta mwizi, unakuta mtoto alikuwa na njaa pia.

Mtoto wetu wa kwanza ni mbebaji kama sisi. Wa pili, aliyezaliwa mwaka 2013, tulichota nyekundu.

Tulimpima mapema. Mtoto mchanga bado ana himoglobini ya utotoni inayomlinda, kwa hiyo miezi ya mwanzo huoni kitu. Kwa kuwa tulijua, alianza penisilini, foliki asidi, chanjo zote na chandarua kabla ya kuumwa hata siku moja. Kaka yangu hakupata hata kimoja kati ya hivyo kwa wakati. Mwishoni mwa mwaka 2018 yalipotoka matokeo ya utafiti wa watoto 606 wa Luanda, Kinshasa, Kilifi na Mbale, yakionyesha kwamba dawa ya haidroksiyurea inapunguza maumivu, malaria na vifo hata katika mazingira yetu, mwanangu alikuwa na miaka mitano. Dawa hiyo inaiamsha tena ile himoglobini ya utotoni. Aliianza kwa uangalizi wa daktari, na usiku wa kulia umepungua sana.

Haujaisha. Akishikwa, mimi mwenye shahada tatu nakuwa mama tu mwenye kitambaa na maji ya moto. Nakanda kama mama yangu alivyokanda. Tofauti ni moja: upande wa pili wa kitanda yupo baba yake, anakanda mguu mwingine. Duka la Aggrey linafungwa siku hiyo, hatuulizani.

Najua kwamba mwishoni mwa mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba ya kurekebisha vinasaba kwa ugonjwa huu. Bei iliyotangazwa Marekani ilikuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Mume wangu alipiga hesabu kwa shilingi kwenye kikokotoo cha dukani, nafasi za tarakimu zikamwishia. Tulicheka, halafu tukanyamaza. Inakadiriwa watoto 11,000 huzaliwa na selimundu nchini mwetu kila mwaka. Ndiyo maana kesho asubuhi bado nitakwenda maabara.

Kabla ya kadi za michango

Kwa wewe uliye na mchumba, nina machache. Pimeni wote wawili kabla ya posa, msingoje ukumbi ulipiwe. Ulizeni aina ya kipimo, maana kile cha haraka kinaweza kuonyesha kinasaba kipo bila kutofautisha mbebaji na mgonjwa. Kinachotoa jibu kamili ni kile kinachotenganisha aina za himoglobini. Na yeyote akiwaambia ni damu ya mwanamke, mwambieni aje nimchoree.

La mwisho ni hili lililonigharimu siku tisa. Jambo unalolijua kuhusu mwili wako ambalo litamgusa mwenzako, lisemeni mapema, hata kwa sauti ya kutetemeka. Mwenzako anaweza kuivumilia habari mbaya. Kilicho kigumu kukivumilia ni kugundua kwamba ulikuwa nayo siku zote.

Lile karatasi langu la chuo bado ninalo. Sasa liko kwenye bahasha moja na la mume wangu, ndani ya kabati la chumbani, pamoja na kadi za kliniki za watoto. Wakikua watazikuta.